Kozi ya Saba Sikuwepo

"Swali langu ni lile lile, Muthama. Alhamisi ya juma lililopita ulikuwa wapi?"

"Chuoni, madam."

"Siku nzima?"

"Siku nzima. Kutoka asubuhi mpaka saa kumi, tulipoosha miko ya kujengea tukatoka."

Inspekta Wanjugu alilisogeza daftari lililokuwa mezani ndani ya mfuko wa plastiki. Lilikuwa daftari jembamba, la aina wanayobeba watoto wa shule, jalada lake limekauka kwa saruji.

"Hili ni lako?"

"Ni langu."

"Na mwandiko?"

"Ni wangu."

"Basi nisikilize." Akalitoa mfukoni, akalifungua karibu na mwisho, akasoma polepole. "'Kozi ya kwanza, nipo. Kozi ya pili, nipo.' Inaenda hivyo hivyo mpaka ya sita. Halafu hapa chini umeandika, 'Kozi ya saba, sikuwepo.' Ni kweli au si kweli?"

Muthama akainua uso. Tangu alipoketi kwenye kiti kile saa mbili asubuhi alikuwa akitazama sakafu. Sasa alionekana kama mtu aliyefunguliwa dirisha.

"Ni kweli kabisa, madam! Sikuwepo."

"Hukuwepo."

"Hata dakika moja. Ukitaka niape, nitaapa."

Sajini Zadock, aliyekuwa ameegemea mlango na kikombe cha chai, akacheka kwa pua. "Ndugu yangu, wewe ni maajabu. Ukiulizwa ulikuwa wapi, unasema chuoni. Ukisomewa kwamba hukuwepo, unataka kuapa ni kweli. Sasa tukuandike wapi?"

"Niandikeni kama ilivyo hapo," Muthama alisema. "Hapo ndipo ukweli uko."

Zadock akamtazama bosi wake, akainua mabega.

Mpaka asubuhi ile ya Jumamosi, kesi yenyewe ilikuwa imenyooka. Ukuta wa mawe uliozunguka jengo jipya la fleti kule Kilimani ulianguka Jumatatu, muda mfupi kabla ya saa nne, ukamlalia kibarua mmoja aitwaye Nthiwa na kumvunja mguu mahali pawili. Kontrakta, Bwana Jamleck, aliandikisha kwamba tangu Jumatano jioni ya juma lililotangulia alikuwa matangani Murang'a, na kwamba aliporudi Jumatatu mchana alikuta lundo la mawe tu. Ukuta wote, alisema, ulijengwa na fundi wake Muthama, mkazi wa Kangemi, umri miaka thelathini na minne. Fundi huyo alikuwa akisomea cheti cha uashi katika chuo kimoja Dagoretti Corner, kila Alhamisi. Juzi Jamleck alikuwa ameleta daftari hilo mwenyewe kituoni, akisema alilikuta pale kazini. Chuo kina kozi fupi saba, alieleza, na ile ya saba ndiyo inayofundisha namna ya kufunga ukuta kwa mikanda ya chuma ili usianguke. Fundi aliikwepa kozi hiyo, akabaki kazini siku hiyo akijenga kwa kubahatisha, na ushahidi aliuandika kwa mkono wake. Jana alasiri Muthama akakamatwa. Jumatatu angepelekwa kortini.

"Madam," Muthama alisema Wanjugu alipoinuka. "Mtihani ni leo. Saa nane."

"Mtihani gani?"

"Wa mikono. Wa kumaliza. Unajenga ukuta mbele ya mtahini wa serikali. Nimejenga miaka kumi na mitano bila karatasi, kila mahali naitwa kibarua. Nikikosa leo nangoja mwaka mwingine, na nikishtakiwa, hakuna mwaka mwingine. Chuo hakichukui mtu mwenye kesi."

Wanjugu alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa mbili na dakika arobaini.

Kwenye ushoroba Zadock alimaliza chai yake. "Amejifunga mwenyewe, madam. Tuandike faili tukapumzike, leo Jumamosi."

"Ulimwona nilipomsomea?"

"Nilimwona."

"Alifanya nini?"

Zadock akafikiri. "Alifurahi."

"Mtu anayejifunga hafurahi, Zadock. Huyu alifurahi kama anayefunguliwa." Akalifungua daftari tena, akaliweka kwenye mwanga wa dirisha. "Na hizi alama ni za nini? Mbele ya pili kuna alama ya vema. Mbele ya nne. Mbele ya sita. Kwingine hakuna."

"Labda ni siku alizonunuliwa chai."

"Na karatasi imechanika hapa chini, baada ya ya saba. Leta gari."

*

Chuo kilikuwa nyuma ya maduka ya vifaa vya ujenzi, mahali ambapo mtu angeweza kupita kila siku kwa miaka mitano asijue kipo. Mbele palikuwa na madarasa mawili ya mabati. Nyuma palikuwa na uwanja mpana, na uwanjani kuta fupi za mawe zimesimama safu kwa safu, haziungani na chochote, kama nyumba zilizokataa kumalizika. Mafundi kumi na wawili wenye aproni walikuwa wakijenga kuta za mazoezi kabla ya mtihani wa alasiri. Kando yao palikuwa na mapipa ya maji, na ndani ya mapipa mawe yamezamishwa.

Aliyewapokea alikuwa mwanamke mfupi wa miaka hamsini hivi, kalamu ya risasi sikioni na timazi ya kupimia wima wa ukuta mkononi, uzi wake umezungushwa kwenye kidole.

"Mwalimu Annah Ndambuki," alisema. "Mmemleta Muthama?"

"Bado, mwalimu. Tumekuja kuona rejista."

Aliwapeleka kwenye darasa la kwanza. Ukutani palikuwa na tangazo kubwa la masomo: Kozi ya Kwanza, Vipimo na Ramani, Kozi ya Pili, Msingi, na kadhalika mpaka Kozi ya Saba, Kufunga Ukuta. Chini ya ya saba hapakuwa na kitu ila tarehe ya mtihani. Wanjugu alizihesabu kwa kidole.

"Kozi ni saba tu?"

"Saba tu. Kila moja Alhamisi moja, na kazi ya nyumbani."

Rejista ilifunguliwa. Kozi ya Saba, Alhamisi ya juma lililopita. Jina la nne kutoka juu lilikuwa la Muthama, na mbele yake sahihi, asubuhi na jioni.

Zadock akakohoa. "Mwalimu, samahani. Ndambuki ni jina la Ukambani, au sivyo?"

"La Machakos kabisa."

"Na Muthama ni wa Kitui."

"Naona kazi yako unaijua, sajini." Mwalimu Annah hakukasirika. "Unataka kujua kama nimemwekea sahihi mtu wa nyumbani. Nimemfelisha binamu yangu mwenyewe kwenye chuo hiki mara mbili. Mpaka leo mama yake hanisalimii kanisani."

Akavuta droo, akatoa karatasi kubwa ya mchoro. Ilikuwa pembe ya ukuta iliyochorwa kwa risasi, mkanda wa chuma umeoneshwa unavyopinda kwenye kona. Tarehe ilikuwa ya Alhamisi ile. Chini yake palikuwa na mwandiko ule ule mzito uliokuwa ndani ya daftari, na alama kumi na nane juu ya ishirini.

"Hii niliwapa saa tatu, wakanirudishia saa tisa," alisema. "Hakuondoka hapa hata kwenda kula. Nilimkata alama mbili kwa sababu alisahau kipimo."

Wanjugu aliweka daftari kando ya mchoro. Upande mmoja palikuwa na sahihi, mchoro na mwalimu, vyote vikisema Muthama alikuwepo. Upande wa pili alikuwa Muthama mwenyewe, kwa mkono wake na kwa mdomo wake, akisema hakuwepo.

"Sasa ni nani anadanganya?" Zadock aliuliza kwa sauti ya chini.

Nje kulisikika jiwe likigongwa kwa mpini wa mwiko. Mwalimu Annah aligeuka, akatoa kichwa dirishani.

"Jeremy! Wee Jeremy! Kozi ya nane imetoka nje ya uzi. Bomoa!"

"Mwalimu, ni kidogo tu!"

"Kidogo yako itaua mtu. Bomoa, loweka, anza upya!"

Mafundi wengine wakapiga kelele za kumcheka. "Jeremy anajenga nyoka!" mmoja alisema. Mwalimu akarudi, akapangusa mikono, akakuta Inspekta amesimama wima.

"Mwalimu, umesema kozi ya nane."

"Ndiyo."

"Dakika tano zilizopita umeniambia kozi ni saba tu."

Mwalimu Annah alimtazama kidogo, kisha akaanza kucheka, akashika meza. "Inspekta, saba ni za darasani. Huyo namwambia za ukutani. Mstari wa mawe, fundi huuita kozi. Ukiweka mawe ya kwanza juu ya msingi, hiyo ni kozi ya kwanza. Ya juu yake, ya pili. Unapanda hivyo. Hata yule ambaye hajawahi kuingia darasani huita hivyo."

Zadock aliinua mkono mdomoni kama anayekunywa chai, ingawa kikombe kilibaki kituoni.

"Na hapa chuoni," Wanjugu alisema taratibu, "mna desturi ya kuandika?"

"Ni sheria yangu. Kila kozi ikiisha naiita kwa sauti, fundi anajibu 'nipo', halafu anaiandika. Hata huko kazini kwao nimewaambia waandike vivyo hivyo. Kozi uliyoijenga mwenyewe, andika nipo. Iliyojengwa na mwingine, andika sikuwepo. Ukilaza mkanda juu yake, weka alama. Mkanda unalazwa kila baada ya kozi mbili."

"Pili, nne, sita," alisema Zadock.

"Na ya nane. Mbona, mmeona wapi?"

Wanjugu alimwonesha ukurasa. Mwalimu Annah aliusoma mara moja tu.

"Huyu amejenga kozi sita," alisema. "Ya saba imejengwa yeye hayupo. Na chini hapa pameraruliwa. Fundi haachi ukuta kwenye kozi ya saba, Inspekta. Mbele yake lazima kulikuwa na nyingine."

"Niazime hiyo kalamu yako ya risasi."

Muthama alikuwa na mkono mzito wa mtu aliyezoea kugonga mawe. Wanjugu aligeuza ukurasa uliofuata, akaulaza ubapa wa risasi, akaupitisha juu ya karatasi tupu kwa wepesi kama anayepaka poda. Mistari myeupe ikaanza kujitokeza ndani ya weusi, mmoja baada ya mwingine. Kozi ya nane, sikuwepo. Kozi ya tisa, sikuwepo. Halafu maneno matatu ya mwisho, yaliyokandamizwa kuliko yote: Nimemwambia J. abomoe.

"Chuo hiki hakina kozi ya nane," Wanjugu alisema. "Mtu yeyote angeona nane hapa, angejua ni mawe. Ndiyo maana karatasi ilichanwa."

Zadock alikuwa amevua kofia. "Na sisi tulimsomea. Akatuambia ndiyo, sikuwepo. Maskini alidhani tumemwelewa."

"Nenda hospitali," Wanjugu alimwambia. "Nthiwa alitolewa chumba cha upasuaji jana, leo anaweza kuzungumza. Muulize Alhamisi nani alishika mwiko, kisha unipigie. Mwalimu, una nusu saa?"

"Kwa Muthama nina saa nzima," alisema Mwalimu Annah, akafungua aproni. "Lakini saa nane kamili mtahini ataingia hapa, na huyo hangoji mtu."

*

Walipofika Kilimani walikuta lori dogo limeegeshwa kinyumenyume langoni. Vibarua wawili walikuwa wakipakia mawe yaliyoanguka. Jamleck, mtu mnene mwenye kofia nyekundu ya plastiki kichwani, alikuwa akiwahimiza kwa kupiga makofi.

"Simamisheni hapo," Wanjugu alisema.

"Karibu, Madam Inspekta! Tunasafisha tu. Watu wa hizi fleti wanalalamika, gari zao hazipiti."

"Mawe haya ni ushahidi."

"Ushahidi gani tena na mtu mko naye ndani?" Jamleck alicheka. "Basi vijana, pumzikeni kidogo."

Mwalimu Annah hakumsalimia mtu. Alikwenda moja kwa moja kwenye kipande cha ukuta kilichobaki kimesimama, akapiga magoti, akahesabu kwa kidole kutoka chini. Kozi sita. Juu ya ile ya sita mkanda mwembamba wa chuma ulikuwa umelala pale pale ulipowekwa, umeshikwa na saruji. Akachukua nyundo ndogo mfukoni, akagonga jiwe la pembeni. Halikutikisika. Akagonga tena kwa nguvu zaidi. Kikamenyeka kipande cha jiwe lenyewe, lakini saruji ikabaki.

"Njoo uone, Inspekta. Hii saruji imeingia ndani ya jiwe. Jiwe lililowekwa kwenye maji kabla ya kujengwa hushika hivi." Akainuka, akaenda kwenye lundo, akageuza jiwe moja, jingine, na la tatu. Migongo yao ilikuwa safi kama imefagiliwa. Alipopitisha kidole, unga wa kijivu ukadondoka. "Na haya yalijengwa yakiwa makavu. Jiwe kavu hunywa maji yote ya saruji, saruji inabaki vumbi. Ukuta unasimama, unapendeza, lakini juu hakuna kilichoshika kitu. Ukiuegemea, unaenda."

"Mikono miwili tofauti?"

"Mmoja alifika kozi ya sita. Mwingine akaanzia ya saba."

Simu ya Wanjugu ikalia. Alisikiliza, akasema "ndiyo" mara mbili, akairudisha mfukoni bila kubadilisha uso. Kisha akamwendea Jamleck, ambaye wakati huo alikuwa amevua kofia akijipepea.

"Bwana Jamleck, nisaidie kidogo. Mimi mambo ya mawe siyajui. Unasema Muthama hakufunga ukuta kwa chuma. Ulijuaje?"

"Si inaonekana, madam? Hata mtoto ataona."

"Nieleze kama mtoto."

Jamleck alipumua kwa subira ya mtu anayefundisha. "Chuma inawekwa kila kozi mbili. Sasa angalia. Ya pili iko. Ya nne iko. Ya sita ndiyo hiyo hapo juu. Ya nane hakuweka. Ndiyo ikaanguka."

"Ya nane."

"Ya nane, eh. Huyo kijana ni mvivu."

"Ya nane iko wapi hapa? Nioneshe."

Jamleck alinyoosha mkono kwenye lundo, akaurudisha. Mawe zaidi ya mia yalikuwa yamelaliana hapo, na mengine tayari yako ndani ya lori.

"Mimi naona lundo tu," Wanjugu alisema. "Mwalimu, wewe unaweza kuniambia lipi ni la saba, lipi la nane, lipi la tisa?"

"Hakuna anayeweza. Labda aliyeuona ukuta ukiwa umesimama."

"Na wewe, Bwana Jamleck, uliandikisha kwamba uliondoka Jumatano jioni ukuta ukiwa haujapita pale, ukarudi Jumatatu ukiwa chini. Uliiona lini kozi ya nane?"

"Mimi… nimekisia tu. Ni hesabu, madam. Fundi yeyote angekisia."

"Kwa hiyo unajua kozi ni mstari wa mawe."

Jamleck alirudisha kofia kichwani, akatazama lori.

"Mwenyewe umesema, mbele ya mwalimu. Kozi ya pili, ya nne, ya sita. Lakini juzi ulituletea daftari la Muthama ukasema kozi ya saba ni ya chuo. Na karatasi ulikuwa umeichana hapo hapo, tusione nane na tisa." Wanjugu alifungua ukurasa uliopakwa risasi, akauinua. "Mkono wake ni mzito. Maneno yalibaki chini. 'Nimemwambia J. abomoe.' J. ni nani hapa kazini?"

Vibarua wawili wa lori waliteremka, wakasimama mbali kidogo.

"Wewe huelewi presha ya hii kazi," Jamleck alisema. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Mwenye nyumba alikuwa anakuja Ijumaa kuona ukuta umekwisha. Nilimwahidi. Na huyu bwana mkubwa anaenda shule Alhamisi! Fundi wa mawe anaenda shule! Akafungia chuma zote kwa sanduku lake, akaenda na ufunguo."

"Na maji?"

"Bomba lilikuwa kavu. Mtaa mzima ulikuwa kavu."

"Nthiwa amesema hivyo hivyo sasa hivi. Amesema Alhamisi ulivua koti ukashika mwiko mwenyewe, yeye akikuletea mawe makavu. Amesema Ijumaa asubuhi Muthama alikusihi ukuta ubomolewe, ukamwambia kama anajua sana aende akajenge huko chuoni."

"Nthiwa yuko na dawa kichwani."

"Mguu ndio umevunjika, Bwana Jamleck. Kichwa kiko sawa." Akamshika mkono juu ya kiwiko, kwa upole. "Twende kituoni. Na hilo lori linabaki hapa hapa."

Mwalimu Annah alikuwa bado ameshika jiwe moja lenye mgongo safi. Aliliweka chini polepole, akamgeukia Jamleck.

"Wewe ulijifunzia wapi kazi?"

"Kwa mikono yangu. Sikuhitaji darasa."

"Muthama pia alijifunza kwa mikono yake," mwalimu alisema. "Halafu akaja kuuliza kwa nini."

*

Mkuu wa kituo alisoma maelezo akiwa amesimama, akauliza maswali mawili, akatia sahihi. Ilikuwa saa saba na nusu. Mlango wa seli ulipofunguliwa, Muthama alitoka akiwa amefunga kamba za viatu tayari.

"Madam, mmesoma vizuri?"

"Mara ya kwanza tulisoma vibaya sana," Wanjugu alisema. "Nisamehe, fundi."

Zadock akampa mkono. "Kaka, mimi nilikucheka asubuhi. Siku nikijenga kwangu Kakamega, utakuja kujenga, na mimi nitakushikia mawe."

"Utayalowesha?"

"Nitayaogesha kwa sabuni."

Landrova ilitoka kituoni ikiwasha taa mchana, ikaingia Ngong Road, ikapita magari kwa upande ambao raia hapiti. Dagoretti Corner ilikuwa imejaa watu wa sokoni. Zadock alipiga honi mpaka wachuuzi wa viazi wakaanza kumrushia maneno, naye akawa anawajibu kwa dirisha, "Ni mtihani, mama! Ni mtihani!"

Walipoingia uwanjani ilikuwa saa nane kasoro dakika nne. Mtahini wa serikali, mzee mwenye suti ya kahawia, alikuwa tayari na karatasi zake. Mafundi kumi na wawili walikuwa wamesimama kila mmoja kwenye nafasi yake. Nafasi ya kumi na tatu ilikuwa tupu, lakini haikuwa imeachwa. Uzi ulikuwa umefungwa. Mchanga ulikuwa umechekechwa. Pipa la maji lilikuwa limejaa hadi ukingoni, na mawe yake yote yalikuwa ndani, yametoa mapovu yao ya mwisho na kutulia.

"Nani amenilowekea?" Muthama aliuliza.

Jeremy alikuwa akitazama kucha zake, mikono ya shati lake imelowa mpaka mabegani.

"Namba kumi na tatu," mtahini alisema bila kuinua macho, "una aproni au unajenga na koti?"

Muthama alivua koti, akamkabidhi Zadock, akavaa aproni ambayo Mwalimu Annah, aliyekuwa ametangulia kurudi chuoni, alikuwa ameishika tayari. Akachukua mwiko. Kwa muda aliupima mkononi tu, kama mtu anayeshika mkono wa rafiki aliyemkosa. Kisha akainama.

Wanjugu na Zadock hawakuondoka. Faili la Jamleck lilikuwa linawangoja kituoni, na la mashtaka ya kuandika maelezo ya uongo pia, lakini walisimama langoni na wapita njia wakaanza kusimama nao. Kuta kumi na tatu zilipanda pole pole. Mwalimu Annah alitembea katikati yao akiita, na sauti zikamjibu kutoka kila upande, nipo, nipo, nipo. Muthama alipofika kozi ya pili akalaza mkanda. Ya nne, akalaza. Ya sita, akalaza, akaukandamiza kwa kidole gumba, akafunika kwa saruji mbichi.

Mtahini alifika kwake na pimamaji, akaiweka juu ya ukuta. Povu la hewa lilikwenda kulia, likarudi kushoto, likasimama katikati. Akaishusha timazi pembeni. Uzi haukugusa jiwe wala haukuliacha. Akaandika kitu kwenye karatasi yake, akaandika tena, na alipogeuka kuondoka aliinamisha kichwa kama mzee anayekubali ingawa hakuombwa.

Muthama alichukua jiwe la mwisho la mstari uliofuata, maji yakichuruzika, akaliweka, akaligonga mara mbili kwa mpini wa mwiko. Likakaa.

Mwalimu Annah alisimama mbele yake. Hakuwa na haja ya kupaza sauti, alikuwa hatua mbili tu kutoka pale, lakini aliita mpaka watu wa nje barabarani wakageuka.

"Muthama! Kozi ya saba?"

Fundi alinyooka, mgongo wima, mikono imejaa saruji.

"Nipo, mwalimu!"